Kutoka Namba Hadi Jina: Raia Mpya Mbele ya Daftari la Wapiga Kura



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu alitungoja kando ya kanisa hata waumini wengine wote walipokwisha kutawanyika. Alitusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko," nasi tukamwitikia. Kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kuungama.

"Baba, wanangu wote wana kadi ya mpiga kura. Kila uchaguzi mimi huwasindikiza hadi kituoni, halafu nakaa chini ya mwembe nikiwangoja. Je, mtu kama mimi anaruhusiwa kuandikwa?"

Mama huyu alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Alivushwa akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Amekulia hapa, ameolewa hapa na kijana wa Songea, amezaa hapa, na mumewe amemzika hapa. Jina lake limo katika kitabu chetu cha ubatizo na katika kitabu chetu cha ndoa. Katika daftari la wapiga kura halimo, na kwa miaka yote hiyo sisi wachungaji wake hatukuwahi kumwuliza kwa nini.

Hatukuwa na jibu kamili siku ile. Tulimwomba atupe juma moja. Tafakari ya leo ni matunda ya juma hilo, na tumeona vema tuwashirikishe ninyi nyote, kwa kuwa swali lake linagusa historia yetu sote.

Tuanze na jambo ambalo wazee wetu walilijua na vijana wetu wamelisahau. Katika nchi hii, kwa miaka mingi, mtu wa kawaida alipoona jina lake likiandikwa na serikali alikuwa na sababu ya kuogopa. Utawala wa Wajerumani uliwaandika watu ili watozwe kodi ya nyumba. Baada ya Vita vya Majimaji, hapa Songea, orodha nyingine iliandikwa, ile ya mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Anayekwenda Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge anaweza kusimama mbele ya kumbukumbu yao. Waingereza walipochukua nchi, waliendelea na kitabu cha kodi. Asiyelipa alisakwa.

Ili kuipata fedha ya kodi, wanaume wa Ungoni waliondoka kwa maelfu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliandikishwa, wakapakiwa malori, wakapewa namba. Ndipo tulipopata neno "manamba". Hebu tulitafakari neno hilo kidogo. Mtu aliyeacha nyumbani jina lake, ukoo wake na chongo la baba yake, alifika shambani akaitwa kwa tarakimu. Tarakimu hiyo ilitosha kuhesabia siku za kazi na kukokotoa ujira. Hakuna aliyehitaji kujua maoni ya mwenye tarakimu.

Kwa hiyo uandikishaji wa wapiga kura ulipokuja Tanganyika, ulikuwa jambo geni kabisa. Kwa mara ya kwanza serikali iliandika jina la Mwafrika ili mwenye jina aulizwe anamtaka nani. Lakini mlango haukufunguliwa wote kwa siku moja. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Aliyetaka kuandikwa alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 au zaidi, na tena awe ama na elimu ya darasa la nane, ama na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, ama ashike wadhifa uliotambuliwa na serikali. Juu ya hayo, kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa idadi za jamii hizo hazikulingana hata kidogo.

Sharti hilo liligawanya watu. Katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958, wengi walitaka uchaguzi ususiwe, lakini Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki, ili mlango mwembamba upanuliwe kutoka ndani. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Tukiyasoma mabishano hayo leo, tunaona kwamba hakuna upande uliokosa sababu. Masharti yale yalikuwa ya kudhalilisha. Hata hivyo walioingia kwa kupitia mlango huo ndio waliowafungulia wengine.

Ni nani basi, katika wilaya kama Songea, aliyeweza kuandikwa? Tukumbuke kwamba wakati ule hatukuwa na Mkoa wa Ruvuma. Songea ilikuwa wilaya katika Jimbo la Kusini, mbali na makao makuu, na shule zilikuwa chache. Wamisionari Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, walikuwa wamejenga shule nyingi za vijijini, lakini waliofika darasa la nane walikuwa wachache mno. Mwalimu wa shule aliweza kuandikwa. Karani aliweza. Mkulima aliyemlipia mwalimu huyo ada, mjane aliyempikia, na manamba aliyerejea kutoka Tanga akiwa na kifua kibovu, hao wote walibaki nje. Katika nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni nane, walioandikwa hawakufika laki moja.

Mwaka 1960 mlango ulipanuliwa. Safari hii ilitosha mtu awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato cha paundi 75 kwa mwaka. Wapatao 885,000 waliandikwa. Uchaguzi ulipangwa tarehe 30 Agosti 1960, lakini wagombea wa TANU katika majimbo 58 kati ya 71 hawakuwa na mpinzani, kwa hiyo sehemu kubwa ya walioandikwa hawakupata hata nafasi ya kutumbukiza karatasi. Kisha ukaja Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata, Novemba 1962, Watanganyika walimchagua Rais wa kwanza wa Jamhuri. Hapo ndipo masharti ya fedha na darasa yalipoondolewa, na mtu mzima akahesabiwa kwa kuwa mtu mzima. Mwalimu Nyerere alipata kura 1,127,978, na Mtemvu, yule yule aliyejitenga mwaka 1958, alipata kura 21,276. Waziri Mkuu wa nchi wakati huo alikuwa mwana wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matimila.

Kumbe basi, ndugu zangu, babu na bibi zetu wote walikuwa raia wapya. Hakuna aliyezaliwa mpiga kura kati yao. Mwaka 1957 walikuwa watawaliwa wasioulizwa neno; miaka mitano baadaye walisimama kwenye foleni, kila mmoja akiwa na jina lake. Tunaoringia leo uraia wetu wa kuzaliwa, tunaringia kitu ambacho wazazi wetu walikipokea wakiwa watu wazima.

Tena ilibidi kwanza kuamuliwa ni nani atakayeitwa raia. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere aliwakatalia kwa ukali. Aliwaonya kwamba kupima uraia kwa rangi ya ngozi ni kutenda lile lile tulilolilaani kwa wengine, akasema kwamba muswada ukikataliwa yeye na serikali yake watajiuzulu. Muswada ulipita. Tangu siku ile, msingi wa uraia wetu umekuwa utii kwa nchi, na nasaba ya kabila au rangi haikupewa kiti.

Sisi wa Songea tunayo sababu ya pekee ya kulielewa hilo. Wangoni, ambao nchi hii inaitwa kwa jina lao, walitoka kusini mwa Afrika. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakatangatanga kwa miaka mingi, wakafika huku katikati ya karne ya kumi na tisa, wakawakuta wengine wenye mashamba na makaburi yao. Wengi wa wanaojiita Wangoni leo ni wajukuu wa watu waliomezwa njiani: Wasenga, Watumbuka, Wandendeule na wengineo. Katika mji huu, kumwita mwenzako "mtu wa kuja" ni kumtukana babu yako mwenyewe.

Sasa turudi mtoni Ruvuma. Vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Vijiji vya Niassa na Cabo Delgado vilipochomwa, watu walivuka kuja kwetu na watoto mgongoni. Serikali iliwapatia makazi, na mojawapo lilikuwa Muhukuru, katika wilaya yetu ya Songea, kwenye njia iendayo Mkenda mpakani. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao kwa shangwe. Vita vya pili viliwaleta wengine, hata mapatano yaliyotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Lakini kila safari ya kurudi huacha watu nyuma: aliyeolewa, aliyezika, yatima asiyejua pa kurudi. Mama yetu wa Jumapili iliyopita ni mmoja wao.

Taifa letu limewahi kuwapokea watu wa namna hiyo kwa makundi makubwa. Mwaka 1980, Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Tendo kubwa zaidi lilihusu Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliyageuza mapori hayo kuwa mashamba. Kati ya mwaka 2007 na 2008 waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania, na takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 zaidi ya 162,000 walikubaliwa.

Lakini kukubaliwa hakukuwa mwisho wa safari. Ilikuwa imepangwa kwamba raia hawa wapya wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine, na hati zao zikasubiri jambo hilo. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi, na karatasi ya Tanzania hawakuwa nayo mkononi. Uchaguzi wa mwaka 2010 ukawapita. Ni mwezi Oktoba 2014 tu ambapo Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi hati zao, na tarehe 25 Oktoba 2015 wakapata nafasi ya kupiga kura wakiwa Watanzania. Kwa aliyekuja akiwa kijana wa miaka ishirini, kura ya kwanza ilikuja akiwa na miaka sitini na mitatu. Tunaomba kila kijana anayesema kwamba foleni ya kujiandikisha ni ndefu aifikirie foleni hiyo.

Tunapenda kuongeza mfano mmoja wa jirani, kwa kuwa unagusa damu ya mto wetu huu. Wamakonde walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya. Nao walikuwa manamba. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya bila kitambulisho cha nchi yoyote. Mwezi Oktoba 2016 walitoka Kwale, wakaifuata njia ya Nairobi kwa miguu, hadi wakapokelewa na Rais Uhuru Kenyatta, ambaye aliagiza wapewe vitambulisho. Mwanzoni mwa mwaka 2017 walivipokea, na tarehe 8 Agosti mwaka huo huo waliweza kupiga kura. Wajukuu wa namba walipata majina.

Baada ya historia hiyo, tuje kwenye jibu tulilomwahidi mama yetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Haisemi raia wa kuzaliwa peke yake. Aliyepata uraia kwa tajnisi anaandikwa katika daftari lile lile na kadi yake haina alama ya ugeni. Kuna kiti ambacho Katiba, katika ibara ya 39, imekiwekea raia wa kuzaliwa, nacho ni cha Urais.

Lakini uraia hutangulia, kura hufuata. Asiye raia akijiandikisha anavunja sheria, hata kama ameishi hapa miaka sitini, hata kama jirani mwema amemwambia, "Nenda tu, hawatakuuliza." Hatuwezi kumshauri mtu aanze uraia wake kwa uongo. Njia ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mwombaji hupeleka maombi yake Uhamiaji, na mwenye uamuzi ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria inataka awe ameishi nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na mwenendo mwema. Na akusudie kuendelea kuishi hapa. Akikubaliwa, huukana uraia wa nchi nyingine na kula kiapo cha utii. Hapo ndipo anapoweza kwenda kituoni na wanawe, na mwembe ukabaki bila mtu.

Kuna jambo moja lililotuumiza tulipoisoma sheria hiyo. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania amewekewa njia nyepesi zaidi, lakini anatakiwa kuiomba mumewe akiwa bado hai. Mama yetu alikuwa na njia hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Tulifungisha ndoa yake, tukabatiza watoto wake, tukamzika mumewe, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwambia. Sasa imembidi aifuate njia ndefu. Kosa hilo ni letu, wala hatutaki lirudiwe kwa mwingine. Tumewaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waulize kwa upole, nyumba kwa nyumba, kama yupo mwenye hali kama hiyo, na atakayehitaji msaada wa kuandika maombi aje ofisini kwetu.

Tunajua wapo watakaotuuliza swali gumu zaidi. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na vurugu na vifo, na familia nyingi za nchi yetu bado zinaomboleza. Zaidi ya watu milioni 37 walikuwa wameandikwa katika daftari. Kijana mmoja alituambia waziwazi: "Baba, huyo mama anatafuta nini katika daftari hilo?" Hatukumkemea, kwa maana maumivu yake ni ya kweli. Tulimjibu kwamba mwaka 1958 nako kulikuwa na watu wenye haki ya kukata tamaa mbele ya kura yenye masharti ya aibu, na kwamba anayedai kura ihesabiwe kwa haki anasimama imara zaidi akiwa na jina lake kitabuni. Hakuridhika sana. Tutaendelea kuzungumza naye.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Paulo mbele ya jemadari wa Kirumi. Jemadari alikuwa ameununua uraia wake kwa fedha nyingi. Paulo alikuwa nao tangu kuzaliwa. Sheria ya Roma haikumwuliza yeyote kati yao aliupataje kabla ya kumlinda. Wapagani wale waliona jambo ambalo sisi hulisahau kila tunaposimama nyuma ya jirani kwenye foleni na kunong'ona kwamba huyu si wa hapa.

Jumatatu asubuhi tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamsomea haya kama tulivyoyaandika. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, wenye cheti chake cha ubatizo, cheti cha ndoa na cha kifo cha mumewe. Akauliza, "Baba, hivi vitatosha kwa kuanzia?"

Tulimwambia vinatosha kwa kuanzia. Alhamisi tutamsindikiza Uhamiaji. Safari hii sisi ndio tutakaokaa kivulini tukimngoja.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.